Toa, Kopa, Kasoro: Lugha ya Hesabu za Kutoa Kitale na Bungoma

Makosa ya watoto katika hesabu za kutoa yamezoeleka kudhaniwa kuwa ni uzembe. Historia ya lugha za kufundishia yaonyesha kwamba maneno nayo yamo katika lawama.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mashamba ya walowezi yalikusanya vibarua wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kuelewana. Bungoma, Lubukusu ndiyo iliyotawala. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha itawalayo katika eneo la shule. Kwa kanuni hiyo watoto wa miji hii jirani huanza hesabu kwa lugha mbalimbali, kisha wote huhamia Kiingereza katika darasa la nne.

Katika Kiswahili husemwa "toa 27 katika 63": idadi ndogo hutangulia. Katika maandishi, 63 − 27, kubwa ndiyo itanguliayo. Mtoto aliyezoea mpango usiotulia huona 3 na 7, akatoa 3 katika 7, akapata 44 badala ya 36. Kweli, Brown na Burton walilieleza kosa hilihili mwaka 1978, wakaonyesha kwamba ni kanuni potofu ifuatwayo kwa uaminifu. Basi lugha si chanzo pekee. Lakini yaweza kulitia nguvu.

Neno "kopa" lina kisa chake. Katika njia ya zamani iliyoenea Uingereza, kumi liliongezwa juu na moja likaongezwa chini: 13 − 7, kisha 6 − 3. Deni lililipwa. Katika njia iliyopata nguvu baada ya utafiti wa Brownell na Moser wa 1949, kumi moja huvunjwa: 13 − 7, kisha 5 − 2. Hapa hakuna deni, ila neno limesalia. Akopaye bila kulipa wala kupunguza hupata 46.

Kiswahili kina dawa yake. Asemaye "saa tatu kasorobo" hutaja kizima kwanza, upungufu baadaye. "63 kasoro 27" hufuata mpango uleule wa maandishi. Na "vunja kumi" husema litendwalo hasa. Hatimaye jibu na lirudishwe: 36 na 27 ni 63. Mwalimu wa lugha, kwa hiyo, ana kazi katika somo la hesabu.