Fataki za Moshi, Risasi za Mzinga

Mwenye gobore hakwenda dukani kununua risasi. Alinunua baruti, akaimimina kwenye mtutu, akashindilia, akatia goroli, kisha fataki. Au jiwe, kama bunduki yake ni gumegume. Silaha hizo ziliingia bara kwa maelfu kupitia Zanzibar karne ya 19. Mji wa chifu Kisabengo, mahali ilipo Morogoro ya leo, chini ya milima ya Uluguru, ulikuwa kwenye njia ya misafara, na msafiri Mwingereza Stanley alipoupita mwaka 1871 aliukuta umezungushiwa ukuta wa mawe wenye minara. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika. Gumegume hazikuyatisha, zikaachwa ziuzwe kwa masharti.

Ganda la shaba lilibadili mambo. Baruti, fataki na kichwa cha risasi vilikaa pamoja, vikatoka kiwandani, na kiwanda kilikuwa Ulaya. Wajerumani walilionja hilo katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoifunga bahari. Askari wengi wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, walibeba Mauser za mwaka 1871, ambazo kila zikipigwa hutoa wingu la moshi la kumwonyesha adui pa kulenga.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyowaletea Wajerumani silaha, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza. Shehena iliokolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Ikabidi zifunguliwe, baruti isafishwe, na penye haja fataki zibadilishwe. Askari na wapagazi walifanya kazi hiyo Moshi kwa miezi, tangu asubuhi hadi jioni. Lettow mwenyewe ameandika jinsi zilivyogawanywa: risasi nzima zilizobaki kutoka akiba ya zamani zilitengwa kwa ajili ya bunduki za rashasha, zile zilizotengenezwa upya ambazo kama asilimia 20 ziligoma kuwaka zilipelekwa vitani, mbovu zaidi zikawa za mazoezi. Hebu fikiria askari anayeingia mapambanoni akijua kwamba katika kila risasi tano, moja huenda ikamsaliti.

Baruti iliyolowa husafishika. Fataki iliyokufa haifufuki, na karakana ya porini haiwezi kuitengeneza. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ushujaa wa Moshi ulikuwa wa kuahirisha tu. Agosti 1916 Morogoro ikaangukia mikononi mwa Waingereza.

Tanzania huru haikutaka kungoja meli. Kwa msaada wa China ilijenga kiwanda papo hapo Morogoro, na mwaka 1974 Shirika la Mzinga likaundwa rasmi. Liko chini ya Wizara ya Ulinzi, na mbali na mahitaji ya jeshi hutengeneza pia risasi za kiraia.

Nchini Marekani kazi kama ile ya Moshi hufanyika hata sebuleni: wawindaji wengi hujaza maganda yao nyumbani kwa mashine ya mkono na mizani ya baruti. Hapa kwetu silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015. Anayemiliki bunduki sharti awe na leseni, na utengenezaji wa risasi si kazi ya sebuleni.