SEHEMU YA 4: Orodha ya majina iliyookoa watoto wa New York

Wengi mnaniuliza: kwa nini kila mkija kliniki tunataka mtaa, jina la mjumbe na namba ya simu? Jibu lake lina zaidi ya miaka 100, na tunalipata New York, Marekani.

Miaka ile, kila joto lilipopanda, kuhara kuliua watoto wachanga wengi sana kwenye mitaa ya maskini. Nyumba zimebanana, vyumba havina hewa, maziwa ya ng'ombe yanaharibika upesi. Idara ya afya ya jiji ilikuwa na takwimu, ila takwimu za vifo zinakuja mtoto ameshazikwa.

Daktari Sara Josephine Baker alikuwa mkaguzi wa idara hiyo. Mwaka 1902 kazi yake ilikuwa kupanda ngazi nyumba kwa nyumba akitafuta watoto wanaoumwa. Akimpata, mara nyingi ameshachelewa. ORS tunayoijua leo haikuwepo.

Baadaye akageuza utaratibu. Taarifa za kuzaliwa zilikuwa zinafika ofisini kila siku, zinaandikwa, basi. Kiangazi cha 1908 alichagua eneo moja la Lower East Side, lenye wahamiaji wengi kutoka Italia. Kila siku akawa anachukua kwa msajili majina na anwani za watoto walioandikishwa jana yake. Manesi 30 wa shule, ambao shule zao zilikuwa zimefungwa, wakagawana orodha na kwenda kugonga milango mtoto akiwa bado mzima. Walimwambia mama: nyonyesha, fungua dirisha, muogeshe, usimvishe minguo mizito kwenye joto.

Kiangazi kilipoisha, eneo lile lilikuwa na vifo pungufu 1,200 kuliko kiangazi cha mwaka uliotangulia. Kwingine jijini hali ilikuwa ileile. Mwaka huohuo jiji likaanzisha kitengo cha afya ya watoto, Baker akiwa mkuu wake.

Jamani, hapo hakuna dawa mpya wala mashine. Ni taarifa ileile iliyokuwa inalala kabatini, sasa inamfikia nesi mapema, ikiwa na anwani ya kumfikisha mlangoni.

Leo daftari limeingia kwenye kompyuta na simu, lakini kanuni haijabadilika. Mtoto akikosa chanjo ya wiki ya 6, tunaliona jina lake. Ila kama namba iliyopo ni ya jirani aliyehama, au ni laini uliyoiacha, tunaishia kwenye jina tu. Mtoto hatumfikii.

Kuhama si kosa, maisha ndivyo yalivyo. Ukihama au ukibadili laini, pita na kadi utuambie, hata kama siku yako ya kliniki bado. Na wewe baba unayesoma, andikisha na namba yako.

Chukua kadi ya mtoto sasa hivi. Hiyo namba iliyoandikwa, ukiipiga, nani anapokea?