Safu ya Lugha: Kukosa Hedhi

Hapa Lubumbashi neno amenorea, tulilolipokea kwa njia ya Kifaransa, limeanza kutamkwa kana kwamba ni utasa, na hilo si sahihi hata kidogo, kwa kuwa asili yake ni Kiyunani na maana yake haizidi kukosekana kwa mtiririko wa mwezi. Nasi tunalo letu, kukosa hedhi, ambamo hedhi ni ya Kiarabu na mzizi wake vilevile ni kutiririka. Tabibu wa leo hulitumia kwa msichana aliyetimiza miaka 15 asione damu, au kwa mwanamke ambaye hedhi yake imekatika miezi 3, kisha akatafuta sababu: mimba kwanza, halafu kunyonyesha, njaa, fadhaa, au tezi, ilhali waganga wa Ayurveda, tiba ya kale ya India, kama kisemavyo kitabu chao Sushruta Samhita, walinena kwamba njia imezibwa, wakaagiza samaki, ufuta na vitu vichachu (agizo ambalo sisi walaji wa samaki wa Ziwa Mweru hatulichukii).

Ukomo wa hedhi ni jambo jingine, la umri. Na tasa ni asiyezaa, ambaye huenda akauona mwezi wake bila kukosa, hali anyonyeshaye aliyekosa hedhi aweza kushika mimba kabla hajaiona tena.