Bingwa wa Harrow Asiye na Ulingo wa Nyumbani

Mwaka 1972 Idi Amin, mtawala wa Uganda ambaye naye aliwahi kuwa bingwa wa ngumi wa nchi hiyo, aliwapa Waasia siku 90 wafungashe virago. Takriban 27,000 wakapokewa Uingereza, na kaskazini-magharibi mwa London, kuanzia Wembley hadi Harrow, kukabadilika. Lakini historia ya Harrow hii huwahesabu Waasia wenye maduka na kumwacha bondia wake. Cornelius Boza-Edwards alizaliwa Kampala mwaka 1956, akaletwa Uingereza na Jack Edwards, aliyemlea na kumpa jina la pili. Naamini kusahaulika kwake hakukutokana na ngumi zake; kulitokana na kukosa watu wa kumwita wao. Waingereza walimwona Mganda, Waganda walikuwa katika misukosuko yao, na Waasia wa Harrow hawakuwa na sababu ya kumdai.

Tazama alikopigania. Machi 1981 alimshinda Rafael Limón kule Stockton, California, akatwaa mkanda wa Baraza la Ndondi la Dunia (WBC) wa uzani wa kilo 59. Mei akamchosha Bobby Chacon Las Vegas, hadi kona ya Chacon ikasalimu amri baada ya raundi 13. Agosti, Viareggio, Italia, Rolando Navarrete akamwangusha raundi ya tano. Ubingwa wa miezi isiyofika sita, na hata pambano moja la kuutetea halikufanyika London wala Kampala.

Atakayepinga atasema fedha zilikuwa Marekani, na kwamba aliyepigwa raundi ya tano hana wa kumlaumu. La kwanza ni kweli, ila bingwa mwenye mashabiki wake humlazimisha promota kumrudisha nyumbani. La pili ni haki kwa Navarrete, lakini halielezi yaliyofuata: mwaka 1983 Boza-Edwards na Chacon walipigana tena Las Vegas, wakaangushana, Chacon akashinda kwa pointi, na jarida la The Ring likaliita pambano la mwaka. Bondia wa kawaida hafiki huko. Baadaye alishindwa na Héctor Camacho Miami, 1986, na José Luis Ramírez Paris, 1987, akiusaka mkanda wa uzani mwepesi, tena ugenini. Alipostaafu aliishi Las Vegas, akifundisha ngumi.