Wakutubi wa Afrika Mashariki, Wakitazamwa kutoka Machochwe

Mwaka 1963, juu ya kilima cha Makerere mjini Kampala, ilifunguliwa shule ndogo ya kufundisha kazi ambayo hadi zama zile watu wengi wa nchi zetu hawakudhani kuwa ni kazi ya kusomewa, nayo ni kazi ya kupokea vitabu, kuvipanga kwa nidhamu, kuviorodhesha, kuvihifadhi na kumpa kila mwenye haja kile anachokihitaji bila ya kumchelewesha. Iliitwa Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki. Ilipata msaada wa Unesco na wa serikali ya Denmark, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Knud Larsen, Mdenmark. Ilikusudiwa iwafae watu wa nchi zote za Afrika Mashariki kwa pamoja, kwa kuwa mwaka huo huo ndipo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa, na matumaini ya umoja yalikuwa bado mabichi.

Historia ya shule ile, na ya zile zilizoifuata, naitazama kutoka Machochwe, katika wilaya ya Serengeti mkoani Mara, kwenye nchi ya Wakuria inayopakana na Hifadhi ya Taifa, mahali ambapo mashamba ya mahindi, ulezi na mihogo hukoma na makundi ya wanyama wa porini huanza. Nia yangu ni kuuliza kama elimu iliyofundishwa kilimani Makerere, na baadaye pwani ya Bagamoyo, ilikusudiwa imfikie mtu wa huku. Na kama ndivyo, ilikwamia wapi.

Kabla ya shule yalikuwako masanduku. Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na makao yake makuu yakawa Nairobi, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu mashambani, na wasomaji waliokaa mbali wakipelekewa vitabu kwa posta. Lilikuwa jambo la ihsani kubwa, lakini sanduku halina ulimi wa kumwuliza msomaji anataka nini, wala halijui kwamba kitabu kilichorudi bila ya kufunguliwa kilikuwa hakifai tangu mwanzo. Bwana Sydney Hockey, mkutubi wa Kiingereza aliyezikagua nchi hizi na kutoa taarifa yake mwaka 1960, alishauri kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba iliyosimama juu ya sheria. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965. Sheria zikipita, maktaba zitajengwa. Maktaba zikijengwa, atahitajika mtu wa kukaa ndani yake. Na mtu huyo hakuwako. Haja hiyo ndiyo iliyoizaa shule ya Makerere.

Maisha ya mwanafunzi wa ukutubi katika miaka ile yalikuwa maisha ya kadi. Kadi yenyewe ilikuwa na urefu wa sentimita 12.5 na kimo cha sentimita 7.5, nayo ilitobolewa tundu chini ili ufito wa chuma upite na kuzifunga kadi zote ndani ya droo, asije mtu akazichomoa na kuzivuruga. Kitabu kimoja kilidai kadi tatu kwa uchache, moja ya mwandishi, moja ya anwani ya kitabu, na moja ya mada; na kila moja ilipigwa taipu kwa kuchunga nafasi, nukta na mkato, hata mwanafunzi aliyekosea herufi moja alilazimika kuanza upya. Tena lilikuwako daftari la mapokezi, ambalo ndani yake kila kitabu kilipewa namba yake. Palikuwa na muhuri wa kugonga, namba ya kubandika mgongoni, gundi na uzi wa kushonea vitabu vilivyochakaa. Naiheshimu sana kazi hii, na wanaoibeza hawajapata kuingia katika maktaba ambayo haikupangwa, wakapoteza asubuhi nzima wakitafuta kitabu ambacho kimo mle mle.

Lakini mpango wenyewe haukuzaliwa kwetu. Melvil Dewey, Mmarekani aliyeuchapisha mwaka 1876 na kufungua shule ya kwanza ya ukutubi katika chuo cha Columbia, New York, mwaka 1887, aliyagawa maarifa yote ya binadamu katika mafungu kumi. Na fungu la dini, linaloanzia 200, karibu lote alilikabidhi Ukristo, tangu 220 hata 289, Uislamu ukaachiwa 297, na dini za asili za Afrika zikasukumwa mwishoni kabisa, katika 299. Mwanafunzi aliyetoka katika nchi ya Wakuria, ambayo mambo ya mizimu, tohara, mvua na mashauri ya inchama, yaani baraza la siri la wazee, ni sehemu ya utawala na ya sheria, alifundishwa kuyaweka yote hayo mwishoni mwa rafu, baada ya watu wengine wote kwisha kupangwa.

Jambo la majina lilikuwa zito zaidi. Mtu wa Machochwe aitwaye Mwita Chacha, basi Mwita ndilo jina lake na Chacha ni jina la babaye. Wala hakuna anayemwita Chacha isipokuwa mgeni au karani. Kanuni za kuorodhesha zilizotoka Ulaya na Marekani zilimtaka mwanafunzi alitangulize jina la mwisho, na kwa hivyo watu wasiojuana, wa koo mbalimbali na vijiji mbalimbali, walikusanyika chini ya Chacha kama ndugu waliozaliwa katika boma moja. Hata Shaaban Robert, ambaye Robert ni jina la babaye, hutafutwa katika herufi R. Wakutubi wa Afrika walilijadili jambo hili kwa miaka mingi, na walikuwa na haki ya kulijadili, kwa maana orodha isiyojua kumwita mtu haiwezi kumsaidia anayemtafuta.

Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, ambaye mwenyewe alisoma ualimu Makerere, alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Siku zile, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, 67 walikuwa hawajui kusoma. Mwaka uliofuata ulianza, makao yake yakiwa Mwanza, mradi wa kisomo uliosaidiwa na Unesco katika mikoa ya Ziwa, na Mara ikiwamo. Watu wakajifunza herufi kwa vitabu vya pamba, vya mifugo na vya uvuvi, yaani kwa mambo waliyokuwa wakiyafanya kwa mikono yao tangu utotoni. Baada ya mradi, mwaka 1974, lilianzishwa huko huko Ziwa gazeti la watu wa vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Kufikia mwaka 1977 wasiojua kusoma wakawa 27 katika kila 100.

Hapo ndipo historia ya ukutubi na historia ya vijiji zilipokutana uso kwa uso. Mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, ujuzi wake hukauka. Kwa ajili hiyo zilianzishwa maktaba za vijijini, nazo aghalabu zilikabidhiwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyezibeba juu ya mzigo wake wa kila siku. Makerere ilikuwa ikiwaandaa wakuu wa maktaba, watu wa shahada na diploma, ambao mahali pao palikuwa mijini; mwalimu yule mwenye ufunguo wa kabati hakuwa na shule yake. Huduma za Maktaba za Tanzania zililitambua pengo hilo, zikaanza mwaka 1972 mafunzo ya cheti kwa wasaidizi wa maktaba mjini Dar es Salaam, na kwa maoni yangu mafunzo yale yasiyosifiwa sana yalikuwa na faida kwa nchi kushinda diploma nyingi za ng'ambo.

Yaliyofuata yanajulikana. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika mwaka 1970, Idi Amin akashika dola mwaka 1971, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Shule ya Makerere haikufa. Iliendelea chini ya Profesa Abidi aliyeitumikia kwa miaka mingi, na jina lake likapanuliwa ili lichukue na elimu ya habari. Kenya ikapata kitivo chake katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 1988, na mwaka 1989 Tanzania ikafungua chuo chake cha ukutubi Bagamoyo.

Chuo cha Bagamoyo kina sifa moja inayokipambanua, nayo ni kwamba kiliunganisha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka tangu jina lake. Kijana anayesoma pale hufundishwa vitabu, na hufundishwa pia masjala: namna ya kufungua jalada, kulipa namba, kulifuatilia linapozunguka mezani kwa maofisa, na kuamua lipi lihifadhiwe na lipi liteketezwe. Wahitimu wengi wa elimu hiyo hawaishii maktaba. Huajiriwa katika halmashauri za wilaya kuwa wasaidizi wa kumbukumbu. Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi kuifikia Machochwe, kwa sababu elimu nyingi ya Machochwe haijapata kuwa kitabu.

Wakuria wanayo hesabu yao ya zamani. Kila mtu huzaliwa ndani ya kizazi, na vizazi hivyo, amakora, vimegawanyika katika mizunguko miwili yenye vizazi vinne kila mmoja. Katika mmoja wapo mwana wa Saai ni Nyambureti, mwana wa Nyambureti ni Gamunyere, mwana wa Gamunyere ni Maina, na mwana wa Maina hurudi kuwa Saai. Mzee anayejua mpangilio huo anaweza kulitaja tukio na kuonyesha limetanguliwa na lipi, bila ya kalenda ya mtu mwingine. Malcolm Ruel, mtaalamu wa Kiingereza aliyekaa na Wakuria katika miaka ya 1950, alichapisha makala juu ya vizazi hivyo mwaka 1962, kwa Kiingereza, katika jarida la London. Na mabwana wilaya wa Kiingereza walikuwa wakiandika habari za koo na watemi katika daftari la wilaya, na yale madaftari sasa ni mali ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Habari za watu wa Mara, basi, zilihifadhiwa. Ila zilihifadhiwa mbali nao, katika lugha ambayo wengi wao hawaisomi.

Mhitimu wa Bagamoyo anayepangiwa Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, anao ujuzi wote unaotakiwa ili jambo hili litengenezwe. Aende kwa wazee kwa adabu, aombe idhini ya kuandika na akubali kunyimwa yale ya inchama yasiyosemwa hadharani. Aandike jina la msemaji kama mwenyewe anavyolitaja, ukoo wake, irikora yake (yaani kizazi chake), mahali na tarehe. Kisha nakala moja iende Nyaraka za Taifa, moja ikae masjala ya wilaya, na moja iwekwe katika shule ya msingi ya Machochwe, kwenye kabati lenye ufunguo, chini ya mwalimu aliyepewa mafunzo na posho ya kazi hiyo.