Ngoma ya Burundi: Afya Yake na Wenye Amri Juu Yake

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Muyinga, kaskazini-mashariki ya Burundi, hapati taabu kulieleza neno "ngoma". Mpaka wa Tanzania u karibu, na Kiswahili husikika sokoni kila siku. Hata hivyo neno hilo halina uzito ule ule katika lugha hizi mbili zilizo ndugu. Kwa Mswahili, ngoma ni chombo, ni mchezo, na pia ni shughuli nzima ya furaha. Kwa Mrundi, "ingoma" ni chombo, na tena ni ufalme wenyewe. Atakaye kuielewa historia ya vikundi vya wapigangoma wa Burundi hana budi kuanzia hapo: tangu asili, swali la ngoma lilikuwa swali la utawala.

Kitovu cha historia hiyo ni kilima cha Gishora, yapata kilometa 7 kutoka mjini Gitega. Mapokeo yasema kwamba Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1908, alijenga boma hapo baada ya kumshinda mtemi mwasi aitwaye Ntibirangwa. Humo zilitunzwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Familia maalumu zilikabidhiwa kazi ya kuzitunza na kuzipiga, baba akimrithisha mwana. Ngoma hizo huchongwa kwa mti uitwao umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Hazikupigwa ovyo, zilipigwa kwa mambo ya Mwami na kwa umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Kwa hiyo afya ya wapigaji ilitegemea afya ya kiti cha enzi.

Hii haina maana kwamba hapakuwa na mashindano. Ngoma iitwayo inkiranya huwekwa katikati. Amashakwe hushika mapigo yasiyokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Wapigaji huingia katikati kwa zamu, kila mmoja akiruka na kuonyesha ufundi wake, kisha humpisha mwenziwe. Ni ushindani wenye adabu. Tuulinganishe na beni ya pwani yetu, ambamo vyama kama Marini na Arinoti vilipambana waziwazi kwa nyimbo, sare na gharama, navyo vikajipangia wenyewe wafalme na majenerali wao. Huko pwani amri ilitoka mtaani. Burundi ilitoka ikulu.

Basi ikulu ilipotikisika, ngoma nayo ilitikisika. Pigo la kwanza lilikuja wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Kutokana na shinikizo la wamisionari na watawala, umuganuro ulikomeshwa baada ya mwaka 1929. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, iliwekwa katikati ya bendera ya taifa. Lakini tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero aliuondoa ufalme na kutangaza jamhuri, na ngoma ikaondolewa katika bendera.

Mtu angedhani kwamba hapo ndipo mwisho wake. Sivyo. Waliokuwa watumishi wa Mwami wakawa watumishi wa taifa, wakipiga ngoma siku za sikukuu na kupokea wageni. Sauti yao iliyonaswa katika miaka ya 1960 ilisafiri mbali. Joni Mitchell aliitumia katika santuri yake ya mwaka 1975, na mwaka 1982 wapigangoma wa Burundi walitumbuiza katika tamasha la kwanza la WOMAD nchini Uingereza. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Waswahili husema ngoma ivumayo haidumu; hii ilivuma na ikadumu.

Ndipo lilipozuka upya swali la kale: mwenyewe ni nani? Tarehe 20 Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia sahihi amri iliyosema kwamba ngoma hazitapigwa nje ya sherehe rasmi bila idhini ya wizara ya utamaduni, kwamba waandaaji wa shughuli za watu binafsi watalipa faranga 500,000, na kwamba wanawake hawaruhusiwi kuzipiga. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda heshima ya urithi, nayo si nia ya kudharauliwa. Lakini kijana wa mlimani hujifunza kwa kuona na kwa kualikwa. Mialiko ikipungua, mafundi nao hupungua, na urithi hubaki umelindwa bila warithi.

Na kuhusu wanawake, lugha yenyewe inatuhoji. Warundi huziita sehemu za ngoma kwa majina ya uzazi: amabere, yaani matiti, inda, yaani tumbo, urugori, taji la mama, umukondo, yaani kitovu, neno ambalo katika sikio la Mswahili hukumbusha kondo la nyuma. Nilipoyaandika majina hayo ubaoni, msichana mmoja alinyanyua mkono, akauliza: "Mwalimu, ikiwa ngoma ni mama, mbona sisi haturuhusiwi kuigusa?" Darasa likanyamaza. Nilimwambia kwamba kabla ya amri ile vikundi vya wanawake vilikuwa vimekwisha kujitokeza, na kwamba desturi iliyowahi kuhama kutoka kwa Mwami hadi kwa jamhuri haiwezi kusemwa kuwa haibadiliki. Nilijua kwamba sikuwa nimemjibu sawasawa.

Walimu wenzangu, hatuna mamlaka ya kutunga amri wala kuzitangua. Tulicho nacho ni maneno. Tunapolifundisha neno "ngoma", tusiishie kwenye chombo. Tuwaeleze wanafunzi wetu ni nani aliyeichonga, ni nani aliyeipiga, na ni nani aliyezuiwa. Wakiyajua hayo, siku swali litakapoulizwa tena, watakuwa na la kusema.