Mizani ya kupima mafuta mwilini: tuiamini kwa kiasi gani?

Msikilizaji wetu mmoja, mkulima wa miaka hamsini na ushee, alitutumia ujumbe wa sauti baada ya kipindi cha afya. Siku ya mnada alipanda kwenye mizani ya kijana anayepima watu kwa malipo kidogo. Kioo kilionyesha uzito wake, kisha mafuta asilimia 21, na chini yake neno "kawaida". Tangu siku hiyo ameacha kwenda kliniki ya presha, maana mashine imemwambia mwili wake hauna tatizo. Akatuuliza kama amefanya vizuri.

Tulimpigia jioni ileile tukamwomba arudi kliniki. Presha hujulikana kwa kipimo cha presha tu, na hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Lakini swali lake linahitaji jibu refu zaidi, kwa sababu mizani hizi sasa zimeenea madukani, kwenye minada na kwenye stendi za mabasi.

Mizani inapima nini hasa?

Mizani hii inapima vitu viwili tu. Cha kwanza ni uzito, kama mizani nyingine yoyote. Cha pili ni jinsi umeme unavyopita mwilini. Ukisimama peku juu ya vile vibati vya chuma, umeme mdogo sana usioweza kuuhisi huingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mguu mwingine.

Umeme hupita kwa urahisi penye maji yenye chumvichumvi. Misuli ina maji mengi, takriban robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo hupitisha umeme vizuri. Mafuta yana maji kidogo, hivyo huuzuia. Mizani hupima kizuizi hicho, kisha huchukua uzito wako pamoja na urefu, umri na jinsia ulivyoingiza, na kukokotoa asilimia ya mafuta kwa kanuni iliyowekwa na mtengenezaji.

Kwa maneno mengine, asilimia unayoiona kwenye kioo ni makadirio. Hakuna mafuta yaliyopimwa moja kwa moja.

Sisi wenyewe tulijaribu mizani moja hapa studio. Mwenzetu alipima, tukaandika namba. Kisha tukabadilisha umri wake kwenye mizani, tukamwongezea miaka ishirini, akapanda tena papo hapo. Uzito ulibaki uleule, lakini mafuta yalibadilika. Mwili wake haukuwa umebadilika hata chembe, ila hesabu ndiyo iliyobadilika. Sasa fikiria mizani ya mnadani ambayo mwenye nayo haulizi umri wala urefu wa mteja. Anayepanda asubuhi na anayepanda mchana wote wanahesabiwa kama mtu mmoja.

Kwa nini namba inapanda na kushuka?

Jambo kubwa ni maji. Ukishinda shambani juani bila kunywa maji, au ukiwa umeharisha, maji mwilini hupungua na umeme hupita kwa shida. Mizani itadhani una mafuta zaidi. Usihangaike kujinyima chakula cha usiku kwa sababu ya namba hiyo. Unachohitaji ni maji.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo au figo anaweza kuvimba miguu kwa kujaa maji. Umeme utapita miguuni kwa urahisi, na mizani inaweza kusema mafuta yake yamepungua. Itampongeza mtu anayepaswa kuwahi hospitali. Kama miguu yako imevimba, au uzito unapanda haraka ndani ya siku chache, nenda kituo cha afya bila kujali asilimia iliyoandikwa.

Nyayo nazo zina mchango wake. Ngozi kavu, yenye sugu au vumbi huzuia umeme kuingia vizuri. Halafu, kwa kuwa umeme unapita kutoka mguu hadi mguu, sehemu kubwa inayopimwa ni miguu na sehemu ya chini ya mwili. Kitambi, ambacho ndicho chenye uhusiano mkubwa na kisukari, presha na magonjwa ya moyo, hakipimwi vizuri.

Watafiti wanasemaje?

Mwaka 2021 watafiti nchini Ufaransa walichapisha matokeo ya kulinganisha mizani tatu za nyumbani na mashine ya hospitali iitwayo DEXA, ambayo hutumia eksirei kutofautisha mfupa, mafuta na nyama. Kwa upande wa uzito, mizani zilifanya vizuri. Kwa upande wa mafuta na misuli, tofauti zilikuwa kubwa kiasi kwamba mizani hizo hazifai kutegemewa katika kumtibu mgonjwa.

Hilo linatupa kanuni rahisi: amini kilo, lakini usiamue matibabu wala mlo kwa asilimia ya mafuta.

Nani asipande kabisa?

Mtu aliyewekewa kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo asitumie mizani hizi, kwa sababu umeme wake unaweza kuingilia kazi ya kifaa hicho. Mama mjamzito naye atumie mizani ya kawaida ya kliniki. Mwili wake una maji zaidi, na namba ya mafuta haitamsaidia chochote.

Kama tayari unayo nyumbani

Huna haja ya kuitupa. Iweke kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya mkeka wala udongo. Ingiza urefu, umri na jinsia yako halisi. Pima saa ileile kila mara, kwa mfano asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya kula. Osha miguu, ifute, upande peku. Pima mara moja kwa wiki, uandike kwenye daftari. Usilinganishe namba yako na ya jirani, wala ya mizani hii na ile. Angalia mwelekeo wa miezi miwili mitatu. Namba ya siku moja haina maana.

Kipimo cha kamba, kisicho na betri

Kuna kipimo ambacho kila nyumba inakimudu. Chukua kamba isiyovutika, simama wima, mtu mwingine aikate sawasawa na urefu wako kutoka kisigino hadi utosini. Ikunje katikati. Sasa izungushe tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Pumua kawaida, toa pumzi, usibane tumbo.

Ncha zikikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yameanza kuwa mengi, na ni vizuri kwenda kupima presha na sukari. Ushauri huu wa kiuno kisifike nusu ya urefu ulitolewa mwaka 2022 na taasisi ya Uingereza inayoandaa miongozo ya tiba, NICE. Unawafaa watu wazima, wake kwa waume, isipokuwa wajawazito.

Ukipata tepu ya fundi cherehani, kumbuka pia namba zinazotumiwa sana na wataalamu: hatari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume.

Kamba nayo haipimi presha wala sukari. Inakuonya tu kwamba umefika wakati wa kwenda kupima.

Yule msikilizaji wetu alirudi kliniki. Alitutumia ujumbe kwamba presha yake ilikutwa juu na amerudishiwa dawa. Alituomba tuwaambie wengine, nasi tumefanya hivyo. Kama nawe unatumia dawa za presha au sukari, usiziache kwa neno la mizani yoyote. Muulize kwanza mhudumu wa afya anayekutibu.